Wifi Ipo, Wifi Yupo

Mteja akiingia ofisini kwetu Kimara, kabla hata hajakaa, alikuwa anauliza, "Wifi ipo?" Nami namjibu, "Yupo, katoka kununua chapati." Wengine walicheka. Wengine walinitazama kwa huruma, wakaanza kutafuta wenyewe kwenye simu zao. Mimi sikuchoka na mzaha huo hata siku moja, na aliyechoka nao hakuwa na la kufanya kwa sababu ofisi ilikuwa yangu.

Niseme ilikuwa yetu. Ilikuwa fremu moja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, yenye harufu ya rangi kutwa nzima na kelele za mabati yakishushwa. Ndani tulikuwa mimi na mke wa kaka yangu, kila mtu na kompyuta yake, tunawaandikia watu programu: wenye maduka ya dawa, wenye shule za chekechea, wenye kukodisha viti na maturubai. Yeye ni mtu wa Lindi, mimi wa Temeke kwa baba na kwa mama, na tulijuana siku ya kicheni pati yake. Mimi nimekaa mstari wa mbele na sare ya mawifi, somo kasimama anamfunda bi harusi: mume utamweza, mama mkwe utamzoea, ila mawifi… Hakumaliza. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na bi harusi akanitazama chini ya mtandio wake kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka.

Kumbe sote wawili tulikuwa tumesoma kompyuta na sote wawili tulikuwa hatuna kazi. Urafiki ukaanzia hapo. Yeye ananiita wifi, mimi namwita wifi. Neno lenyewe halina mkubwa wala mdogo, linakwenda na kurudi lilivyo.

Sasa, kazi zilipoanza kuwa nyingi tuliona tunaandika vitu vilevile kila mara. Kusoma tarehe. Kujua kwamba mteja akiandika saa mbili asubuhi hamaanishi saa nane za usiku. Kunyoosha namba za simu, kuchapa risiti. Tukavikusanya vyote mahali pamoja tukatengeneza kifurushi kwa Python, lugha tuliyoandikia programu zetu. Kifurushi ni programu unazoandika mara moja kisha kila kazi nyingine inakuja kuziazima. Kifurushi lazima kiwe na jina. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kompyuta siku hiyo, na bila kufikiri sana nikaandika: wifi. Yeye akachungulia begani kwangu, akacheka mpaka akashika meza. "Haya bwana," akasema, "nimekubali." Ikawa hivyo. Tukawa tunasema maneno kama "mwite wifi aisome hiyo tarehe," au "wifi leo mkali, anakataa namba zote."

Kifurushi kina mafaili yake ya maelezo, na hapo ndipo tulipokuwa hatupatani. Mafaili hayo yanaieleza mashine kifurushi kinaitwaje, ni toleo la ngapi, wamekiandika akina nani, na kinahitaji vifurushi gani vingine ili kifanye kazi. Zamani maelezo hayo yaligawanywa: faili la setup kwa jina na waandishi, faili la requirements kwa vinavyohitajika. Kisha likaja faili jipya, pyproject, linalobeba yote. Ubaya ni kwamba jipya likiingia, watu hawayafuti ya zamani. Yanakaa pamoja, yanasema mambo yaleyale, mpaka siku yanapoanza kusema tofauti.

Mimi siwezi kulala na mafaili yanayopingana. Ndivyo nilivyoumbwa. Kila Jumamosi asubuhi, wakati wenye maduka wanafagia mbele ya fremu zao, na mimi nilikuwa nafagia: toleo hapa linasema hivi, kule linasema vile, nasawazisha. Kifurushi fulani tunachokitegemea kimetoka kipya, nakibadilisha kila mahali. Wifi yangu yeye aliandika programu kwa kasi ya kutisha, na nzuri, lakini mafaili hayo aliyaona kama lebo za nguo: nani anazisoma?

"Wifi nawe, si inafanya kazi?" ndiyo ilikuwa kauli yake.

"Inafanya kazi leo."

"Na kesho ntaitengeneza kesho. Mie naendaga hivyohivyo na sijafa."

Nilimgombeza, akanitania, tukala chapati. Hayo ndiyo yalikuwa maisha, na nilidhani ndivyo yatakavyobaki.

Kaka yangu si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni kaka yangu, na kwa sababu ni kweli, ingawa kuna wiki kadhaa nilishindwa kabisa kuyasema maneno hayo. Ndoa yao ilichoka. Hakukuwa na kesi, hakukuwa na kupigana, wala vyombo kutupwa uani. Ikatoka talaka, akahama nyumba yao ya Tandika akaenda kukaa eda kwa mama yake mdogo Mbagala, na eda ikaisha bila kaka kumrejea.

Muda wote huo tulifanya kazi kila mtu mahali pake. Yeye kule na nakala yake, mimi huku na nakala yangu, tunatumiana. Na katika ujumbe wake wa kwanza baada ya eda aliandika: "Dada, nimetuma ile kazi ya shule. Iangalie."

Dada.

Dada ni neno zuri, sikatai. Muuza maandazi ananiita dada. Mlinzi wa benki ananiita dada. Ndiyo maana liliniuma. Nilikaa na simu mkononi, mabati yanalia nje, nikaona uchungu kabisa, uchungu wa kweli, wa mtu aliyenyang'anywa kitu mchana mbele ya watu. Nikamjibu, "Nimeipata wifi, asante." Akajibu, "Karibu dada."

Nyumbani nako hawakunisaidia. Mama alikuwa ananiambia bila hata kushusha sauti, "Huyo sasa ni mtalaka wa kaka yako, mwache atafute maisha yake. Na kaka yako anaposa, utapata wifi mpya." Alisema wifi mpya kama anavyosema sufuria mpya, kwa furaha. Sikuwa na ugomvi na huyo mpya, hata sura yake sikuijua. Nilikuwa na shida ya mmoja tu, na huyo hoteli moja ya Mbezi Beach ilikuwa inamtaka akawaangalizie mitambo yao. Mshahara wa kila mwezi, chakula cha mchana, sare. Walimpa mpaka Jumatatu atoe jibu. Aliniambia hivyo kwa ujumbe, na mwishoni akaweka, "Nadhani ni bora hivyo dada, kwa pande zote." Nikaandika majibu marefu, nikayafuta yote.

Wiki hiyohiyo ndiyo nilikwenda Sinza.

Sinza alikuwako mteja wetu wa siku nyingi, mama mwenye kukodisha maturubai, viti na masufuria makubwa ya shughuli. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekufa, kanunua nyingine, na Jumamosi yake ilikuwa imejaa shughuli juu ya shughuli. Alitaka programu yake ya oda irudi mara moja. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaniwekea soda mbele yangu na kiti cha plastiki cha biashara yake mwenyewe. Pembeni wamekaa wanawake wawili waliokuja kuulizia turubai la arobaini.

Kwenye kompyuta zote za nyuma nilikuwa na desturi ya kuanza na kifurushi chetu: nakitoa kwenye flashi, nakiweka kwa mkono, kisha naiambia mashine isome lile faili la requirements ilete vilivyobaki. Siku hiyo flashi niliisahau Kimara. Nikasema si kitu, faili linamtaja wifi, mashine itamtafuta yenyewe. Nikaiamuru. Ikaenda mtandaoni, ikashusha, ikaniambia kila kitu kimefanikiwa. Nikafungua programu, nikaandika oda ya kwanza, ikakataa. Ilisema ndani ya wifi hakuna kitu kinachoitwa tarehe.

Hakuna tarehe? Nusu ya kifurushi kile ni tarehe! Nikajaribu tena, ikakataa tena. Jasho likaanza kunitoka, na mama anaangalia saa ya ukutani kwa adabu ile inayoumiza zaidi ya kelele. Nikapiga simu Mbagala, nikaweka spika ili mikono yangu ibaki kwenye kompyuta.

"Wifi huyu siyo!" nikasema, hata salamu sikutoa. "Nimemleta hapa kwa watu, hajui kusoma tarehe, hajui chochote!"

Wanawake wa arobaini wakaacha kuongea.

"Umemtoa wapi?" sauti ikauliza.

"Mtandaoni."

Nikasikia kitu ambacho nilikuwa sijakisikia tangu kabla ya talaka: alikuwa anacheka. Kicheko kilekile cha kushika meza. "Ah, jamani! Wamekuletea wifi wa watu!"

Ikabidi anieleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyotaka kujificha chini ya meza. Huko duniani, kwenye ghala la mtandaoni ambalo kila mwenye kuandika Python anachukua vifurushi, kuna kifurushi kingine kinaitwa hivyohivyo. Cha mambo ya intaneti, bila shaka. Hakina kosa lolote, jina ni lake kwa haki. Sisi tulimpa mtu wetu jina la ukoo bila kuuliza kama kuna mwingine. Kwenye faili jipya, ambalo yeye alikuwa amelitengeneza akiwa Mbagala, aliandika vizuri kabisa: wifi, na anapokaa, anwani kamili ya ghala letu wenyewe. Kwenye faili la zamani, nililokuwa nalisawazisha mimi huku Kimara kila Jumamosi, kulikuwa na jina tu. Yeye kalilea lake, mimi nimelilea langu, na hatukuyakutanisha. Mashine imesoma langu.

"Sasa mtoe huyo," akasema. "Mtoe kwanza, halafu nakutumia anwani ya wa kwetu."

"Namtoa."

Nikaandika amri. Mashine, kama kawaida yake, ikauliza kama kweli nataka kuendelea kumwondoa wifi. Sijui ni nini kilinipata. Kidole kikabaki hewani. Ni swali ambalo imeniuliza mara nyingi juu ya vifurushi vingi, na siku zote nimeitikia bila kufikiri.

"Umeshamtoa?" spika ikauliza.

"Namtoa, subiri!"

Mama mwenye maturubai hakuweza tena. "Jamani mwanangu," akasema, "kakosa nini wifi wa watu mpaka mumfukuze kwa simu?"

Mmoja wa wale wanawake akatikisa kichwa. "Na mwenzie ndo anachochea," akasema, akiionyesha simu kwa kidevu. Huko Mbagala akacheka mpaka akapaliwa. Nami nikacheka, nikabonyeza, wifi wa watu akaondoka salama, na wa kwetu akaja akasoma tarehe zote bila kigugumizi. Mama akapata oda zake. Sidhani kama mpaka leo anaamini maelezo niliyompa.

Lakini kabla hajakata simu, wifi yangu akarudi kwenye sauti yake ya karibuni, ile ya adabu. "Ishu ni jina lenyewe, dada. Lazima tulibadili, la sivyo kila mashine mpya itafanya hivihivi. Na hata hivyo," akasema, "lilishapitwa na wakati."

Nilijua haongelei mashine. Nikatoka nje, nikasimama katikati ya masufuria ya pilau yaliyopinduliwa juani.

"Njoo Jumamosi tubadili pamoja," nikasema. "Jina liko kila mahali, kwenye kila kazi. Peke yangu nitaacha sehemu."

"Wewe? Uache sehemu?"

"Nitaacha makusudi."

"Haya. Ntakuja nikukabidhi na zangu kabisa, Jumatatu nisiwe na deni."

Jumamosi akaja na chapati. Alikuwa amekonda kidogo na amesuka vizuri, na tukasalimiana kama watu waliokutana kwenye msiba wa mbali. Kisha tukakaa, kila mtu na kompyuta yake, tukaanza kulitafuta lile neno kwenye kazi zetu zote. Wifi kwenye duka la dawa. Wifi kwenye shule. Wifi kwenye maturubai. Tukikutana na faili la zamani na jipya, tunalinganisha mstari kwa mstari, tunahamisha lililo sahihi kwenye jipya, la zamani tunalifuta. Kazi niliyokuwa naililia miaka yote, na ilikuwa inanichoma moyo.

"Afadhali," akasema ghafla bila kuinua macho. "Mie siku ile nilikuonaga una maringo kweli, kifurushi kizima unakipa jina lako."

Nikaacha kuandika. "Jina langu?"

"Si wifi? Nani mwingine wifi hapa?"

"Wewe! Nilikiita hivyo kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyeandika karibu chote."

Akanitazama. "Yaani siku zote hizo…"

"Siku zote hizo ni wewe."

"Mie nilijua ni wewe," akasema polepole, na akaweka kipande cha chapati chini. Nje mtu alikuwa anabishana na mwenye duka kuhusu misumari.

"Basi tuweke wingi," nikasema. "Mawifi."

Akalitafuta kwenye lile ghala la dunia. Hakuna. Katika vifurushi vyote vya ulimwengu, hakuna aliyejiita mawifi. "Nani athubutu," akasema, na kicheko kikamtoka kidogo, kama mtu anayekizuia mlangoni. Tukaanza kuliandika kila mahali.

La mwisho lilikuwa kifurushi chenyewe. Nikafungua setup ya zamani upande mmoja, na pyproject yake upande wa pili. Jina, sawa. Toleo, nikasawazisha. Waandishi. Kwenye faili la zamani tulikuwa wawili. Kwenye lile jipya, alilolitengeneza Mbagala, nilikuwa peke yangu.

Nikamuuliza hili ni nini. Akasema, kwa utulivu kabisa, "Si nimeshatoka huko? Nikaona mafaili yasipishane na hali halisi. Ulikuwa unanifundisha hivyo kila siku."

Nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua. Zilipanda zote kwa pamoja, za wiki zile, za dada, za wifi mpya, za kaka yangu, za hoteli na sare zake. Nikapiga meza.

"Wifi!"

"Abee!"

Alikuwa ameshaitika. Iliruka yenyewe, vilevile kama alivyokuwa akiniitikia nikimkuta kasahau jambo. Akaziba mdomo kwa mkono. Kisha macho yake yakajaa, na yangu pia, na tukabaki hivyo kama wajinga wawili mbele ya kompyuta mpaka mwenye duka la jirani alipochungulia kuuliza kama tuna chenji.

Mwenye duka alipoondoka, nikamsogezea kompyuta. Akaandika jina lake chini ya langu. Akafuta faili la zamani. Akafika kwenye toleo, akasita. "Jina jipya, ndo tuanze upya na sifuri?"

"Usianze upya," nikasema. "Endelea lilipoishia."

Akaandika namba inayofuata. Halafu akachukua simu yake, akasema ngoja awapigie wale watu wa hoteli leoleo asiwaweke mpaka Jumatatu, akasimama mlangoni kunipa mgongo. Nilijifanya naendelea na kazi. Nilimsikia akisalimia, akishukuru, akiomba radhi vizuri kama watu wa kwao wanavyojua.

"Hapana, si mshahara kaka," alikuwa anasema. "Ila nina ofisi yangu huku Kimara, niko na wifi yangu."

Akasikiliza. Yule wa upande wa pili alikuwa anasema kitu kirefu.

"Najua ya kwenu ina kasi," akasema wifi yangu. "Ila hii ninayosema ni mtu, kaka. Ni mtu kabisa."